Mama, Mtoto wa Pangoni Ulimficha Wapi?

Mama,

Shikamoo. Najua waliotangulia hawasalimiwi hivi, lakini mimi siwezi kuanza na wewe bila shikamoo, utasema mkamwana wako ameota pembe tangu umeondoka. Huku hatujambo. Mvua inanyesha. Korosho tulimaliza kuziokota zote hata za ule mkorosho wa bondeni wenye siafu. Mwanao Bonifasi anakohoa kidogo lakini ni vumbi tu, nimemwambia anywe maji ya moto, amekataa, unamjua. Binti yetu Tedi ameingia darasa la pili na ameng'oka meno mawili ya mbele. Nimemgusa paji la uso asubuhi hii mara tatu, hana homa. Ya nne alikataa.

Naandika kwenye daftari lake la mwaka jana, nyuma ya hesabu. Wewe hukujua kusoma, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo tumekutana. Mtafute mtu huko akusomee. Ila tafadhali asiwe yule mzee katekista wa zamani, maana unakumbuka alivyosoma kanisani, akifika kwenye neno gumu analivuka kama dimbwi na kuendelea ng'ambo. Mimi sitaki uvushwe hata neno moja. Na nitaeleza hata yale unayoyajua, kwa sababu huyo atakayekusomea hayajui, atakusumbua kwa maswali na wewe huna subira.

Nina lawama, halafu nina msamaha wa kuomba. Naanza na lawama, ndiyo tuliyoizoea.

Mama, ulikufa bila kusema umemficha wapi Mtoto.

Kwa huyo anayesoma: nyumba yetu hii, huku upande wa Mnero, ina desturi yake. Jumapili ya kwanza ya Majilio tunajenga pango sebuleni, juu ya sanduku la bati, kwa mawe na nyasi kavu. Watu wa pangoni tunawafinyanga upya kila mwaka kwa udongo wa kichuguu: Yosefu, Bikira Maria, wachungaji, punda, ng'ombe. Wanatoka walivyotoka. Mwaka mmoja Yosefu alitoka na kichwa cha kwanza kikaanguka, tukamtia cha pili, kikawa kikubwa, akakaa Krismasi nzima kama mtu mwenye jipu. Hilo halikukusumbua. Lakini Mtoto hafinyangwi. Mtoto ni wa mpingo, ana urefu wa kidole, alichongwa na baba mkwe wangu mwaka aliozaliwa Bonifasi. Na wiki zote nne za Majilio hori lake linakaa tupu. Mtoto anakuwa amefichwa, na anayejua alipo ni mama wa nyumba peke yake.

Nilipoolewa hapa nikakuuliza, mimi mgeni, kwa nini afichwe badala ya kuwekwa tu tumtazame. Ukanijibu huku unachambua mboga, hata kichwa hukuinua: "Mjamzito hapekuliwi tumbo."

Nikakaa nikachambua mboga na wewe.

Na ulikuwa unajua kuficha, Mama. Mwaka mmoja ulimficha kwenye debe la unga, mimi nikachota bila kujua, nikasonga ugali na Bwana akiwa ndani, Bonifasi akamuuma mguu. Mpaka leo mguu wa kushoto una alama. Ulinisema mimi, wala hukujisema wewe uliyemweka kwenye unga. Mwaka mwingine alikuwa ndani ya kiatu cha marehemu baba. Mwaka mwingine ulimfunga kwenye ncha ya khanga yako ukazunguka naye kiunoni mwezi mzima, hata mnadani ulikwenda naye, na hakuna aliyejua.

Tarehe ishirini na nne alasiri, tukishafagia na kupiga deki, ulikuwa unatoka nje kimya kimya. Ukirudi, Mtoto yuko kwenye kiganja amefunikwa kipande cha khanga. Vigelegele! Tedi anamlaza horini. Kisha unatufukuza wote sebuleni, mzazi apumzike. Unampikia Bikira Maria uji wa mzazi wenye pilipili manga, unamwekea mbele ya pango, unangoja kidogo kwa heshima, halafu unaunywa mwenyewe bakuli zima. "Amesema ameshiba," unatuambia. Na mtu yeyote kumgusa Mtoto kabla ya siku saba, hapana, kitovu hakijaanguka. Paroko mwenyewe alipokuja kututembelea ulimwambia anawe mikono.

Basi huo ndio msiba ulioniachia. Umekufa mwezi wa nane, na Majilio yakaja kama kawaida yao, hayakujua kuna mtu amekufa.

Siku ile ya mwisho ulinishika mkono. Nikajua sasa unaniambia. Nikainama karibu kabisa, sikio langu kwenye mdomo wako. Ukasema, "Mbegu zisipitwe na mvua." Nikasema, "Ndiyo, Mama. Na lingine?" Ukafumba macho. Nikasema moyoni, huyu mama mpaka dakika hii ananigombeza kuhusu shamba.

Tukajenga pango bila wewe. Tedi alifinyanga wachungaji watano, wote wana meno, yeye hana. Alipomaliza akalitazama hori tupu, akaniuliza, "Mama, mwaka huu anayejua ni nani?"

Mama, nisamehe. Nikamwambia, "Mimi."

Unajua yule mtoto hakulia msibani. Watu wote tulilia, hata wale wasiokupenda walilia vizuri tu, yeye alikaa mlangoni kama mgeni, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lako. Mimi nilikuwa nashindwa kulala kwa sababu hiyo. Mtoto asiyelia machozi yake yanakwenda wapi? Siku hiyo mbele ya pango ndipo akafungua mdomo. Akasema, "Mtoto akija, basi Bibi hajatusahau." Akaenda kucheza. Mimi nikabaki nimesimama na udongo mikononi.

Hapo ndipo nilipoanza kupekua. Mjamzito hapekuliwi, najua. Nilimpekua.

Debe la unga, nililimimina lote. Viatu vyote. Darini nilipanda nikateremka na popo mmoja. Godoro lako la sufi nililifumua, upepo ukapita, uwanja mzima ukawa mweupe, Bonifasi aliporudi alidhani nimenyonyoa bata mia. Redio yake nilifungua skrubu zote. Mtoto hakuwemo, na tangu nilipoirudishia inashika stesheni moja tu, ya Kireno, ng'ambo ya Ruvuma. Bonifasi anaisikiliza hivyo hivyo jioni, anatikisa kichwa kama anaelewa, nadhani ananikomoa.

Nilikwenda mpaka Narung'ombe kwa mdogo wako, Mama Osmunda. Nilipanda bodaboda, mimi, ambaye hata baiskeli nashuka kwenye mteremko. Nilifunga macho kutoka hapa mpaka Ruangwa na kutoka Ruangwa mpaka kwake, yule kijana akaniambia, "Mama, kama unasali sali kimya, unanitisha." Nikafika. Kabla sijakaa Mama Osmunda akasema, "Kama umefuata zile khanga, dada alinipa mwenyewe kwa mdomo wake." Nikamwambia sijafuata khanga, nimemfuata Yesu. Akanitazama sana. Akasema, "Huyo hukumpata Mnero, mwenye kanisa kubwa vile, unamfuata huku?" Nilimweleza. Tukapekua na kwake. Tulipata miwani yake iliyopotea na kijiko chako. Kijiko nimerudi nacho.

Njiani kurudi ndipo likaniingia wazo baya kuliko yote. Ncha ya khanga. Ulikuwa unafunga kila kitu kwenye ncha ya khanga. Je, tumekuzika naye?

Sikula siku mbili. Nilikwenda kwa Mama Fides na wenzake waliokuosha, mmoja mmoja, nikiwauliza kama kulikuwa na fundo. Mmoja anasema lilikuwepo, mwingine anasema halikuwepo, Mama Fides anasema lilikuwepo lakini lilikuwa na ugoro. (Mama! Ugoro? Na mimi ulikuwa unanikataza.) Nikaenda kwa katekista mpya, kijana mpole, nikamuuliza kwa siri kama Kanisa linaruhusu kufukua kidogo, pembeni tu, upande wa kiunoni. Akaniuliza sababu. Nikamwambia naogopa tumemzika Bwana na mama mkwe wangu.

Akafikiri. Akasema, "Mama Tedi, huyo alishatoka kaburini mara moja bila kusaidiwa na mtu. Nenda nyumbani ukale."

Nikaenda nikala.

Sasa msamaha. Haya ndiyo magumu, na ndiyo sababu nilianza na lawama.

Unakumbuka kibuyu cha mbegu. Kwa huyo msomaji: kile kibuyu kikubwa kinachoning'inia juu ya mafiga, mahindi ya kienyeji na kunde ndani, kimezibwa kwa gunzi na udongo ili moshi ukilinde mpaka mvua. Ulikiziba wewe mwezi wa saba. Siku hiyo ulinifukuza jikoni, eti moshi utanikohoza, mimi ambaye nimepika kwenye moshi ule miaka kumi na miwili. Nilinuna. Nilidhani hutaki nijue unavyochagua mbegu.

Ulipokufa, Mama, kila kitu chako kilianza kuisha. Sabuni yako iliisha. Chai uliyoifunga kwenye karatasi iliisha. Khanga zilikwenda Narung'ombe. Nguo zilipogawanywa nikabaki na kibuyu. Alama za vidole vyako zipo pale kwenye udongo, vidole vitatu na kile kidole gumba kilichopinda. Nikipika nilikuwa nakitazama, nakiambia leo mboga imetoka vizuri, au leo nimeunguza. Nikasema hiki hakifunguliwi. Mbegu zikipandwa zitaliwa na ndege, zitaliwa na nguruwe pori, mvua itakatika, na wewe utakuwa umeisha kabisa.

Mvua ikaja katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua nzuri, ya kulowanisha mpaka chini. Kijiji kizima kikatoka na majembe. Chiola huko tukasikia wamemaliza kupanda. Bonifasi akalala mlangoni na jembe lake.

"Mama Tedi, tushushe kibuyu."

"Mbegu za Mama haziguswi."

"Mbegu zisipoguswa zinakuwa nini?"

"Zinakuwa kumbukumbu."

"Sawa," akasema. "Mwezi wa tano tutasonga ugali wa kumbukumbu, na mboga yake picha ya ukutani."

Mara ya pili ikanyesha. Bado nikasema kesho. Mimi mwenyewe uliyenishika mkono ukaniambia mbegu zisipitwe na mvua, nikaziangalia zinapitwa.

Sasa nikuambie habari za jirani mpya, maana bila yeye nisingekuwa naandika barua hii. Wale wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa wameshajenga kule ulikokuwa unachimba mihogo. Mama wao anaitwa Mama Limi, mrefu, sauti yake ukiisikia mara ya kwanza unadhani kuna ugomvi. Kumbe anasalimia. Alikuja kuomba moto, akaliona pango, akachuchumaa. Nikajua atauliza habari za Mwana wa Mungu. Akanyoosha kidole kwa ng'ombe.

"Huyu ni nani?"

"Ng'ombe."

"Usinidanganye dada. Huyu ni mbuzi mgonjwa. Nundu iko wapi? Pembe ndiyo hizi? Mtoto wa watu azaliwe mbele ya ng'ombe wa namna hii, baba yake amekosa kabisa?"

Akaomba udongo. Akakaa pale hakuondoka mpaka amefinyanga ng'ombe wake, Mama, ungemwona! Nundu kama kichuguu, pembe zimefika karibu na nyota, mkubwa kumpita Yosefu na kichwa chake. Bikira Maria ikabidi asogezwe. Tedi alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Mimi kwa kicheko kile nikampa Mama Limi moto, na chumvi, na kuku ningempa.

Nikamweleza na shida ya Mtoto. Akasema nisihangaike, atamfinyanga. Akamfinyanga. Lakini mkono umeshazoea ng'ombe. Mtoto alitoka na shingo nene hivi na miguu ya kusimama nayo siku hiyo hiyo. Tedi akasema, "Huyo ni ndama." Mama Limi akamtazama tena, akasema, "Ndama mzuri lakini." Tukamweka kwa ng'ombe.

Halafu Madam Eli, yule mwalimu wa Tedi aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, aliposikia akaleta mwanasesere. Wa plastiki, nywele za njano, ukimlaza anafumba macho, ukimbonyeza tumbo analia. Roho ya Madam ni nzuri, sikutaka kumvunja moyo. Tulimlaza. Hori lilipasuka. Miguu ilitoka nje ya pango ikamkanyaga mchungaji. Na usiku panya alimpitia juu, akalia peke yake gizani, Bonifasi akatoka na panga. Asubuhi nikamrudisha kwa shukrani.

Ikafika tarehe ishirini na nne. Tumefagia, tumepiga deki. Tedi amevaa gauni ulilomshonea, limekuwa fupi. Amekaa mbele ya pango mikono magotini, ananingoja nitoke nje kimya kimya kama wewe. Nikatoka. Nikaenda kusimama jikoni, maana sikuwa na pa kwenda. Nikawa napika uji wa mzazi ambaye mtoto wake amepotea, nalia ndani ya sufuria.

Mama Limi akaingia kurudisha chumvi. Akatazama sufuria, akatazama juu.

"Dada, uji wako unanyeshewa."

Nikaangalia. Vumbi jeupe, laini kama poda, linadondoka kutoka kwenye kibuyu, linashuka polepole juu ya uji.

"Fukusi," akasema. "Wanakula mbegu zako. Ukingoja wiki moja zaidi hapo juu utabaki na ganda."

Mama, nilipiga yowe ambalo Bonifasi alilisikia akiwa chooni. Nilipanda juu ya kinu, nikakishusha kile kibuyu, nikakikumbatia kama mtoto mwenye degedege. Nikatoka nacho uwanjani. Vidole vyako vipo pale kwenye udongo. Nikaweka vya kwangu juu yake. Havikutoshea, vyako vilikuwa vinene. Nikasema, "Mama nisamehe," nikavunja.

Fukusi walikuwa kwenye gunzi tu. Wamelitafuna gunzi lote, mbegu zenyewe hawajazifikia, ulikuwa umezichanganya na majivu mengi kama ulivyozoea. Nikamimina kwenye ungo. Mahindi meupe, kunde nyekundu, majivu, na kitu kimeanguka, to! Kitambaa kichafu kimeviringwa, chenye majivu. Nikadhani ni kiota cha panya. Unajua ninavyoogopa panya. Nikakitupa.

Kilianguka mbele ya yule kuku wako kishingo, yule uliyemwita Mjumbe kwa sababu hakosekani nyumba yoyote yenye chakula. Mjumbe akakidona, akakiinua kwa ncha ya kitambaa, akakimbia nacho. Kuku wenzake wakadhani amepata nyama, wakamfuata. Kitambaa kikafunguka kidogo, kikapepea. Nikaona maua ya khanga. Nikaona mguu mdogo mweusi, wa kushoto, una alama ya meno ya Bonifasi.

"Bwana wangu!" nikapiga kelele. "Mjumbe amembeba Bwana wangu!"

Mama, tulikimbia. Mimi mbele na ungo, sijui kwa nini sikuuweka chini, namwaga kunde njia nzima. Bonifasi na suruali ameishika kwa mkono. Mama Limi anatukatia kwa kushoto anapiga mluzi kama anaswaga ng'ombe sabini. Mjumbe akapita chini ya uzio, akazunguka mkorosho mara mbili, akapita kwa Mama Fides ambaye alikuwa anamwogesha mtoto, naye akatoka nyuma yetu na povu mikononi. Katekista alikuwa anapita na baiskeli kwenda kupanga viti vya mkesha. Akasimama. Nikampigia kelele, "Ametoka! Ametoka mwenyewe!" Akaiachia baiskeli ikaanguka, akaingia kwenye mbio bila kuuliza.

Aliyemkamata ni Tedi. Sisi wote tulikuwa tunamkimbiza kuku, yeye alirudi nyumbani akakaa kizingitini, akachukua kijiko chako cha Narung'ombe akagonga bakuli tupu, kama ulivyokuwa unafanya wewe ukiwaita kula. Mjumbe aligeuka pale pale. Alikuja mbio mpaka miguuni kwake, akafungua mdomo kutafuta chakula. Mtoto akaanguka kwenye gauni.

Tulipofika, tunahema, Tedi amemfunua. Anamfuta majivu. Akanitazama, akasema, "Mama, kumbe ulimficha kwenye mbegu."

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia, "Si mimi. Ni Bibi."

Akaanza kulia. Alilia, Mama, kilio chote cha mwezi wa nane, na cha wa tisa na cha wa kumi, na mimi nikalia, na Mama Limi akalia kwa ile sauti yake mpaka watu wa barabarani wakaja na pole. Katekista akawaambia hapana, si msiba, ni uzazi.

Vigelegele vilipigwa hapo uwanjani. Tedi alimlaza horini, chini ya ng'ombe mkubwa. Uji ulikuwa na fukusi kidogo, nikapika mwingine. Nikauweka mbele ya pango. Nikangoja kwa heshima. Nikaunywa wote. Mama, ulikuwa mtamu, sasa naelewa kwa nini hukuwahi kutuonjesha.

Ndipo nikakaa nikafikiri kwa utulivu, jambo ambalo unajua silifanyi mara nyingi. Ulijua unaumwa. Ulijua mwezi wa kumi na mbili hutakuwepo. Ukatafuta mahali ambapo hakuna haja ya kuelekeza mtu, mahali ambapo kila mkulima mwenye akili lazima afungue mvua ikija, na mvua siku zote inatangulia Krismasi. Ukanifukuza jikoni ukamtia humo. Ukanishika mkono ukaniambia wazi kabisa. Ulikosea kitu kimoja tu: hukujua kwamba mkamwana wako atakupenda kiasi cha kuwa mjinga.

Nilidhani kungoja ni kukitazama kitu kikining'inia. Kumbe anayengoja lazima siku ikifika afungue. Haya maneno nadhani si yangu, nimeyaokota kwenye ungo pamoja na kunde.

Tarehe ishirini na sita tukapanda. Wote, na Mama Limi na watu wake wakaja na ng'ombe wa kulimia, wale wa kweli, wana nundu. Tulichelewa, lakini mvua imetuhurumia, imeendelea. Leo mahindi yako yamefika kwenye vifundo vya miguu. Na zile kunde nilizomwaga nikimkimbiza Mjumbe, Mama, zimeota! Kuanzia jikoni, zikapita chini ya uzio, zikazunguka mkorosho mara mbili, mpaka bafuni kwa Mama Fides. Anasema zikizaa ni zake. Tutaona.

Pango tumelibomoa Epifania ilipopita. Watu wote wamerudi udongoni isipokuwa yule ng'ombe. Mama Limi alikataa avunjwe, yuko dirishani, anatazama barabara. Na Mtoto nimemficha. Mimi peke yangu, kimya kimya, kama mama wa nyumba.

Kisha hofu ikanishika, maana ule moyo wa kuku uliokuwa unanicheka kuwa ninao, bado ninao. Nikifa kesho je? Nikasema lazima mtu mmoja ajue, na asiwe wa humu ndani. Nikakuona wewe ndiye unayefaa, hutamwambia mtu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya barua. Basi Mama, sikiliza vizuri. Mtoto yuko

Subiri. Tedi amepita nyuma yangu mara mbili sasa, eti anatafuta kifutio. Darasa la pili hawavuki maneno magumu, wanasoma yote. Siandiki. Jumamosi nakuja kupalilia kaburi lako, nitainama karibu kabisa, mdomo wangu kwenye udongo wako, nikuambie.

Pumzika, Mama. Uniombee, na umwombee Mjumbe, ambaye Bonifasi alitaka tumle Krismasi nikakataa, huwezi kumla aliyembeba Bwana. Na hili nakuahidi mbele ya kijiko chako: mvua ya kwanza ikigonga bati, kibuyu kitakuwa kimeshashuka. Sitangoja ya pili.

Mkamwana wako,
Mama Tedi